Elijah Masinde: Nahodha wa Kimilili Aliyeitikisa Dola

Aghalabu mchezaji wa kandanda hukumbukwa kwa mabao yake, na kumbukumbu hiyo hufifia kadiri waliomshuhudia uwanjani wanavyopungua. Elijah Masinde wa Nameme ni kinyume cha kanuni hiyo. Jina lake lingali midomoni mwa watu wa Bungoma na Kitale, ila wengi wanaolitaja humkumbuka kama nabii, mwasi, mfungwa au, kwa baadhi yao, mwendawazimu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla hajawa lolote kati ya hayo, alikuwa mwanakandanda stadi, nahodha wa timu ya Kimilili na mchezaji aliyeiwakilisha Kenya dhidi ya Uganda mwaka 1930. Kuyatenganisha maisha hayo mawili, ya uwanjani na ya upinzani, ni kumwelewa nusu.

Masinde alizaliwa baina ya mwaka 1909 na 1912 huko Maeni, Kimilili, kwenye miteremko ya mlima Elgon ambao Wabukusu wanauita Masaba. Wakati huo utawala wa Waingereza ulikuwa mchanga, na jeraha la kuingia kwake lilikuwa bado bichi. Mwaka 1895, jeshi lililoongozwa na C. W. Hobley, likiwa na askari wa Kisudani na washirika Waafrika, liliwavamia Wabukusu katika ngome zao. Katika ngome ya Chetambe, karibu na mji unaoitwa leo Webuye, watu wengi waliuawa, nayo mifugo ikatekwa. Kwa watoto waliozaliwa katika kizazi cha Masinde, habari za Chetambe hazikuwa historia ya vitabuni. Zilikuwa masimulizi ya wazee waliopoteza ndugu na ng'ombe, yakisimuliwa jioni motoni.

Baada ya kushindwa huko, Wabukusu waliwekwa chini ya machifu kutoka ukoo wa kifalme wa Wanga. Eneo la Kimilili lilitawaliwa kwa miaka mingi na Murunga, ndugu yake Mumia, mtawala wa Wanga aliyekuwa rafiki wa Waingereza. Hata jina lao halikusalimika, kwani katika nyaraka za serikali waliandikwa Wakitosh, jina la kubandikwa na wageni ambalo wenyewe hawakulipenda kamwe. Hivyo basi, manung'uniko ya watu wa Kimilili yalikuwa na matabaka mawili: la kwanza dhidi ya Mzungu, na la pili dhidi ya Mwafrika aliyepewa fimbo ya kuwatawala kwa niaba ya Mzungu. Masinde alilelewa katikati ya manung'uniko hayo.

Elimu aliyoipata ilikuwa ya wamisionari wa Kikweka, waliokuwa wamefika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye wakaeneza shule na makanisa yao hadi Ubukusu. Elimu yenyewe haikuwa ndefu, lakini ilimkutanisha na mambo mawili yaliyoathiri maisha yake yote. La kwanza ni Biblia, ambayo aliisoma kwa jicho lake mwenyewe na kuona ndani yake mambo ambayo walimu wake hawakuyasisitiza: habari za manabii, za mataifa yaliyotekwa, na za wazee wa imani waliooa wake wengi. La pili ni mpira wa miguu.

Kandanda iliingia magharibi mwa Kenya kwa mikono ya wamisionari na maofisa wa serikali. Wao waliuona mchezo huu kama nyenzo ya kuwafunza vijana nidhamu, utiifu na kufuata saa. Vijana wenyewe waliupokea kwa sababu nyingine. Katika jamii ambayo vita vilikuwa vimepigwa marufuku, na ambayo njia za zamani za kijana kujipatia sifa zilikuwa zimefungwa, uwanja wa mpira ulifungua njia mpya. Mtu angeweza kutambulika nje ya kijiji chake kwa wepesi wa miguu na uthabiti wa kifua, pasipo kuwa mwana wa chifu. Masinde alikuwa na vyote viwili. Alikuwa pande la mtu, mwenye sauti nzito na asiyejua kurudi nyuma, na haikuchukua muda mrefu kabla ya kupewa unahodha wa timu ya Kimilili.

Mwaka 1930 aliteuliwa kuichezea Kenya katika mashindano ya Kombe la Gossage dhidi ya Uganda. Mashindano hayo yalikuwa yameanzishwa mwaka 1926, na kombe lake lilitolewa na kampuni ya sabuni iliyokuwa na jina hilo. Katika miaka ya mwanzo yalikuwa ni mapambano ya Kenya na Uganda pekee. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949, hadi mashindano hayo yakawa chimbuko la yale yanayojulikana leo kama Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati. Kwa hiyo Masinde yumo katika orodha ya wachezaji wa mwanzo kabisa wa Kiafrika kuvaa jezi ya nchi katika ukanda huu, zaidi ya miaka 30 kabla ya Kenya kuwa taifa huru.

Umuhimu wa jambo hilo kwa kijana wa Maeni hauwezi kupuuzwa. Katika zama ambazo Mwafrika alihitaji kipande shingoni ili kusafiri kutafuta kazi, mchezaji alisafiri kwa heshima. Aliona miji, akakutana na vijana wa makabila mengine waliokuwa na malalamiko kama yake, na akajifunza kusimama mbele ya umati bila kutetemeka. Kadhalika unahodha ulimpa ada ya kuamuru na kusikilizwa. Miaka kumi na ushei baadaye, aliposimama mbele ya maelfu ya watu kuwahubiria, hakuwa mgeni kwao. Wengi walikwisha kumjua kama nahodha wao, na sifa ya uwanjani ilikuwa imetangulia sifa ya unabii.

Uhusiano wake na kanisa ulivunjika alipooa mke wa pili. Kwa Wakweka hilo lilikuwa kosa lisilovumilika, na akatengwa. Kwa Masinde, hukumu hiyo ilifichua mgongano uliokuwa ukimtatiza: kwa nini desturi za baba zake ziitwe dhambi ilhali wazee wa Biblia walizifuata na bado wakaitwa wateule wa Mungu? Baada ya hapo alipata kazi katika baraza la mahakama ya wenyeji, akiwa mpeleka samansi. Ni kazi iliyompeleka boma kwa boma, akiwafikishia watu amri za mahakama ambayo wengi wao waliiona si yao. Haikumchukua muda mrefu kuchoshwa na jukumu hilo. Mtu aliyetumwa kuwaita wengine mbele ya sheria alianza kuihoji sheria yenyewe.

Wakati huohuo siasa za Ubukusu zilikuwa zimeanza kuchemka. Viongozi kama Pascal Nabwana walikuwa wakidai shule, uwakilishi na machifu wa kabila lao wenyewe kwa njia ya vyama na barua za malalamiko. Masinde alishirikiana nao kwa muda, lakini njia ya barua haikulingana na hulka yake. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka, mambo yalizidi kuwa mazito. Vijana waliandikishwa jeshini, wengine wakalazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, ng'ombe wakachukuliwa kwa bei ya serikali, na wakulima wakaamrishwa kuchimba matuta na kung'oa magugu kwa amri ya chifu. Ni katika hali hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1940, ndipo Dini ya Msambwa ilipojitokeza.

Jina la harakati hii linastahili kutazamwa na mwanafunzi wa lugha. Neno dini lilitoka katika Kiarabu, likaingia Kiswahili, na kwa kupitia Kiswahili likafika bara. Msambwa ni neno la Kibukusu linalohusu mizimu ya wahenga na mahali patakatifu panapohusishwa nayo. Maneno hayo mawili yaliunganishwa kwa sarufi ya Kiswahili. Kwa hivyo, harakati iliyodai kurejea katika mizizi ya kabila moja ilibeba jina ambalo jirani asiyejua Kibukusu angeweza kulitamka na kulielewa walau nusu. Si ajabu kwamba haikukaa ndani ya mipaka ya Ubukusu. Mafundisho yake yalikuwa mepesi kushika: Mungu wa kweli ni Wele, aliyejulikana na wahenga kabla ya mmisionari kufika. Sadaka zitolewe kwa desturi za kale. Mzungu na arudi kwao, na nchi irudi kwa wenyewe.

Mwaka 1944 Masinde aligongana na serikali waziwazi. Alikataa kutii amri zilizohusu kilimo na kazi za kulazimishwa, akawakabili watumishi wa chifu waliotumwa kumshurutisha, na alipotakiwa kutoa ahadi ya kudumisha amani akakataa pia. Alihukumiwa kifungo. Mwaka 1945 akahamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Hapa pana jambo linalopaswa kuzingatiwa. Kumwita mpinzani mwendawazimu kulikuwa na faida kwa watawala, maana mwendawazimu hana hoja ya kujibiwa. Lakini hatua hiyo ilileta matokeo ambayo haikukusudiwa kuyaleta. Watu wake walidai aachiliwe, na alipotoka mwaka 1947 alirudi Kimilili akiwa na heshima kubwa kuliko aliyokwenda nayo. Alikuwa ameshindana na wakubwa, akarudi angali hai.

Mwezi Septemba mwaka huohuo aliongoza umati mkubwa hadi Chetambe, mahali pa maangamizi ya 1895. Kondoo alichinjwa kwa kumbukumbu ya waliouawa hapo, na maombi yakatolewa kwa desturi za wahenga. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 50, na huenda baadhi ya wazee waliokuwepo walikuwa wameshuhudia vita vyenyewe wakiwa vijana. Machoni mwa serikali huo ulikuwa uchochezi. Kwa waliohudhuria, ilikuwa matanga yaliyocheleweshwa kwa nusu karne.

Ng'ambo ya mto Nzoia, hali ilikuwa ya wasiwasi zaidi. Nchi ya Trans-Nzoia, yenye Kitale kama mji wake mkuu, ilikuwa imetengwa kwa walowezi wa Kizungu, na idadi yao ilikuwa imeongezeka baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 ili kusafirisha mahindi yao. Maelfu ya Wabukusu waliishi humo kama maskwota, wakilima vishamba vidogo na kuchunga mifugo michache kwa hisani ya mwenye shamba, ilhali waliamini kwamba ardhi hiyo ilikuwa malisho ya babu zao. Ndalu na Tongaren, ambazo leo ni makazi ya wakulima wadogo, zilikuwa sehemu ya dunia hiyo ya mashamba makubwa na vibarua. Mahubiri ya Masinde yalipowafikia maskwota, hayakuhitaji kufafanuliwa. Visa vya kuchomwa kwa mali za walowezi, shule na makanisa viliongezeka, na serikali ikavihusisha na wafuasi wake.

Msiba mkubwa ulitokea Malakisi. Mapema mwezi Februari 1948, wafuasi wa Dini ya Msambwa walikwenda kwenye misheni ya Kikatoliki wakitoa madai yao, na baadhi yao wakakamatwa. Tarehe 10 Februari umati uliandamana hadi kituo cha polisi cha Malakisi kudai wenzao waachiliwe. Polisi waliufyatulia risasi. Watu 11 walikufa na wengine 16 wakajeruhiwa. Masinde mwenyewe, aliyekuwa akisakwa, alikamatwa siku chache baadaye. Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku mwaka huohuo, naye akapelekwa uhamishoni Lamu, pwani ya mbali kabisa na mlima wake.

Pana kinaya katika uhamisho huo. Lamu, mji wa tenzi na vyuo, kisiwa ambacho wanafunzi wa Kiswahili hukitazama kama mojawapo ya vitovu vya fasihi yao, ulikuwa kwa mtu wa Maeni gereza lililozungukwa na maji. Hapo ndipo miaka yake ya utu uzima ilipopotelea. Aliondoka akiwa na umri wa chini ya miaka 40, na alipoachiliwa mwaka 1961 alikuwa mtu wa makamo, na nchi aliyoirudia ilikuwa ikijiandaa kwa uhuru.

Kutokuwepo kwake hakukuzima moto aliouwasha. Mafundisho yake yaliwafikia Wapokoti kupitia kwa Lukas Pkiech, aliyeyageuza yalingane na matumaini ya watu wake. Tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa katika Baringo, wafuasi wa Pkiech walipambana na kikosi cha serikali. Pkiech mwenyewe aliuawa pamoja na wafuasi wake wengi, nao maofisa watatu wa Kizungu wakapoteza maisha. Tukio hilo lilitangulia tangazo la hali ya hatari la Oktoba 1952 kwa zaidi ya miaka miwili, jambo linalowakumbusha wasomaji wa historia kwamba upinzani wa silaha nchini Kenya haukuanzia Mlima Kenya pekee.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, ilitarajiwa kwamba mtu kama Masinde angepumzika. Dini ya Msambwa iliruhusiwa kusajiliwa mwaka 1964, na mashamba kadhaa ya walowezi, yakiwemo ya Ndalu na Tongaren, yaligawiwa wakulima Waafrika. Lakini Kitale, mji ambao Wabukusu wengi walitumaini ungewekwa pamoja na Bungoma, ulibaki katika Mkoa wa Bonde la Ufa. Isitoshe, mashamba yaliuzwa kwa mikopo, na aliyekosa amana alibaki nje ya ua. Masinde hakuona mantiki ya mtu kununua ardhi ambayo yeye aliiamini kuwa iliibwa kutoka kwa babu yake. Aliyasema hayo hadharani, kwa ukali uleule aliowasemea Waingereza. Mwaka 1968 serikali ya Kenya huru ikaipiga marufuku dini yake kwa mara ya pili, naye akawa mtu wa kuingia na kutoka gerezani. Aliyefungwa na wakoloni kwa kudai uhuru alifungwa na wananchi wenzake kwa kuhoji maana ya uhuru huo.

Haifai kumpamba kuliko haki. Lugha yake ilikuwa kali mno kwa wasiokubaliana naye, na chuki yake dhidi ya makanisa iliwaumiza Waafrika waliokuwa wamechagua Ukristo kwa hiari yao. Nyumba na shule zilizochomwa kwa jina la harakati yake zilikuwa pia tegemeo la watoto wa jirani zake. Aidha, hakuacha mpango wa wazi wa namna nchi ingeendeshwa baada ya Mzungu kuondoka. Nguvu yake ilikuwa katika kukataa zaidi kuliko katika kujenga. Hata hivyo, maswali aliyoyauliza hayakuwa ya mwendawazimu. Ardhi ni ya nani? Je, imani ya wahenga ni ushenzi kwa sababu tu haikuandikwa kitabuni? Na anayeshika fimbo ya mkoloni baada ya mkoloni kuondoka, amebadilisha nini? Maswali hayo yameendelea kuulizwa katika bunge, katika tume za ardhi na katika riwaya na tamthilia za Kiswahili miaka mingi baada yake.

Masinde alifariki mwaka 1987, akazikwa kwao. Mjini Bungoma, kiwanja kikubwa cha michezo kilichoko Kanduyi kina jina la Masinde, ila Masinde huyo ni Masinde Muliro, mwanasiasa mashuhuri aliyezaliwa pia Kimilili na kufariki mwaka 1992. Wageni wengi huwachanganya wawili hao. Mwenye jina la kiwanja alisifika bungeni, na aliyesifika kiwanjani hana kiwanja.

Hata hivyo, mchezo aliouchezea Kimilili haujafa katika nchi hiyo. Kuanzia miteremko ya Masaba hadi tambarare za mahindi za Ndalu na Kitale, mpira ungali njia ya kijana asiye na cheo kujitambulisha kwa ulimwengu, na sasa njia hiyo haipitwi na wavulana pekee. Wasichana wa shule ya Wiyeta huko Trans-Nzoia wameifanya sehemu hiyo isifike kwa soka ya wanawake, katika ardhi ambayo wakati wa Masinde bibi zao wangeweza kuikanyaga kama vibarua tu. Kila timu kama hiyo ina nahodha, na nahodha huyo anajifunza leo yale ambayo kijana wa Maeni alijifunza mwaka 1930: kusimama mbele ya umati, kusema na kusikilizwa. Masinde aliyabeba hayo nje ya uwanja, na akayalipia kwa sehemu kubwa ya maisha yake.